Mwanaisimu na Faili la Mgonjwa: Historia ya Uchakataji wa Lugha ya Kitabibu na Swali la Ukanushi katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uchakataji wa lugha asilia katika taarifa za afya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi sasa. Yanajikita katika kazi za Zellig Harris, Naomi Sager, Carol Friedman na Wendy Chapman nchini Marekani, kisha yanaihusisha historia hiyo na maelezo ya ugonjwa na kifo yanayotolewa kwa Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba jedwali la taarifa za kitabibu linaweza kuazimwa kutoka lugha moja hadi nyingine, lakini njia ya kutoka katika sentensi hadi kwenye jedwali hilo haiazimwi. Sharti ijengwe ndani ya kila lugha. Ushahidi mkuu unatokana na ukanushi, ambao katika Kiswahili hukaa ndani ya kitenzi na mara nyingine huwa ndiyo dalili yenyewe ya ugonjwa. Makala yanahitimisha kwamba kazi inayosubiriwa ni ya wanaisimu wa Kiswahili kabla ya kuwa ya wahandisi wa kompyuta.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua ni wagonjwa wangapi walikuwa na homa katika hospitali moja kwa mwaka mzima hukutana na taarifa za aina mbili. Aina ya kwanza ni takwimu zilizokwisha kupangwa: umri, jinsi, tarehe ya kulazwa, msimbo wa ugonjwa. Kwa wasomaji wa Tanzania, mfano ulio karibu ni vitabu vya MTUHA, ambamo muuguzi huandika na kujumlisha idadi. Aina ya pili ni maelezo: yale ambayo tabibu ameyaandika kwa sentensi zake, au ambayo mgonjwa na ndugu zake wameyasema na mtu mwingine akayanakili. Takwimu huhesabika mara moja. Maelezo hayahesabiki mpaka yasomwe, na yanapokuwa maelfu kwa maelfu hakuna mtu wa kuyasoma yote.

Haja ya kumfanya mtambo asome maelezo hayo ndiyo iliyozaa uga unaoitwa uchakataji wa lugha ya kitabibu. Katika miaka ya karibuni uga huu umezungumziwa zaidi kama tawi la sayansi ya kompyuta, na kuibuka kwa miundo mikubwa ya lugha kumeimarisha dhana hiyo. Historia yake inasimulia jambo jingine. Uga huu uliasisiwa na wanaisimu, kwa nadharia ya kiisimu, na matatizo yake yaliyodumu zaidi ni ya kiisimu. Kusahau asili hiyo ni hasara kwa lugha yoyote. Kwa Kiswahili, ambacho maelezo yake ya ugonjwa bado hayajachambuliwa kwa kina kwa madhumuni haya, hasara yake huwa kubwa zaidi.

Sehemu ya pili na ya tatu zinaeleza mwanzo wa uga huu katika isimu ya Harris na kuingia kwake hospitalini. Sehemu ya nne inashughulikia ukanushi kama tatizo la kihistoria. Sehemu ya tano inaangalia tukio ambalo simulizi za Dar es Salaam na Pemba ziliingia katika hesabu ya kimataifa. Sehemu ya sita inachambua ukanushi wa Kiswahili katika maelezo ya ugonjwa, na ya saba inapima nyenzo zilizopo. Mifano yote ya Kiswahili imetungwa kwa kufuata matumizi ya kawaida. Hakuna iliyotolewa katika faili la mgonjwa yeyote.

2.0 Harris na Dhana ya Lugha Tanzu

Zellig Harris, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hufahamika zaidi miongoni mwa wanafunzi wetu kama mwalimu wa Noam Chomsky. Hata hivyo, njia aliyoifuata yeye mwenyewe ilielekea upande mwingine. Alishikilia kwamba maana ya kitaarifa katika matini huonekana katika mtawanyiko wa maneno: neno lipi hutokea pamoja na lipi, katika nafasi ipi, na lipi halitokei kamwe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi la watafiti chini yake, akiwamo Naomi Sager, lilitengeneza mojawapo ya programu za mwanzo kabisa za kuchanganua sentensi za Kiingereza, kwa kutumia kompyuta ya UNIVAC.

Katika kitabu chake cha 1968 kuhusu miundo ya kihisabati ya lugha, Harris aliieleza dhana ambayo hapa tutaiita lugha tanzu. Lugha tanzu ni sehemu ya lugha inayotumiwa na jamii ya watu wenye shughuli moja, yenye msamiati wake na sarufi yake finyu. Dhana hii inakaribiana na ile ya rejesta, ambayo wanaisimujamii wa Kiswahili wameizoea, lakini hazilingani. Rejesta huelezwa kwa kuangalia mazingira ya matumizi: nani anasema, na nani, kuhusu nini. Lugha tanzu huelezwa kwa kanuni za ndani: ni makundi gani ya maneno yanayoruhusiwa kuungana. Katika Kiswahili cha kawaida sentensi “Mgonjwa aliupasua moyo wa daktari” inakubalika kisarufi na inaweza kupata maana ya kisitiari. Katika lugha tanzu ya upasuaji haipo, kwa sababu nafasi ya mpasuaji huchukuliwa na kundi moja tu la nomino na nafasi ya mpasuliwa huchukuliwa na kundi jingine.

Ufinyu huo ndio unaoipa kompyuta pa kushikia. Lugha nzima haina mipaka inayoweza kuorodheshwa, ilhali lugha tanzu ina aina chache za sentensi, na kila aina inaweza kugeuzwa kuwa safu ya jedwali. Harris na wenzake walilithibitisha hilo kwa upana katika uchunguzi wa makala za kingamwili, uliochapishwa 1989. Jambo la kuzingatia kwa ajili ya makala haya ni kwamba walichambua pia makala zilizoandikwa kwa Kifaransa, wakaona kwamba fomula za taarifa zilizopatikana zililingana kwa kiasi kikubwa na zile za Kiingereza. Kilichotofautiana kilikuwa sarufi ya kuzifikia. Tofauti hii kati ya fomula na njia ya kuifikia ndiyo mhimili wa hoja yetu.

3.0 Kutoka Sarufi hadi Wodini

Mwaka 1965 Sager alianzisha mradi wa uchanganuzi wa lugha kwa kompyuta katika New York University, uliojulikana kama Linguistic String Project. Msingi wake ulikuwa uchambuzi wa sentensi alioutoa Harris mwaka 1962, ambao huiona sentensi kuwa na kiini kimoja kinachoongezewa viambajengo upande wa kushoto na wa kulia. Mradi ulianza na matini za kisayansi, zikiwamo za famakolojia, na katika miaka ya 1970 ukahamia kwenye nyaraka za hospitali. Kazi ya Hirschman, Grishman na Sager iliyotoka 1976 ilichukua taarifa za eksirei za wagonjwa wa saratani ya matiti waliokuwa wakifuatiliwa, ikazigeuza kuwa majedwali.

Ugumu wa kwanza waliokutana nao haukutokana na istilahi. Matabibu huandika kwa mkato: kiima hudondoshwa, kitenzi kishirikishi hudondoshwa, sentensi nzima hubaki nomino moja na kivumishi chake. Kwa mtazamo wa sarufi sanifu, hizo si sentensi. Sager na wenzake waliamua kutoziona kama makosa. Walionyesha kwamba udondoshaji huo una kanuni: kinachodondoshwa ni kile ambacho kila msomaji wa jamii hiyo anaweza kukirejesha. Kwa hiyo waliandika sarufi ya mkato, wakaiunganisha na sarufi ya kawaida. Kitabu cha Sager, Friedman na Lyman cha 1987 kilikusanya matunda ya kazi hiyo, nacho kinastahili kusomwa na mwanaisimu yeyote anayedhani kwamba lugha ya ofisini na hospitalini haina sarufi ya kuchunguza.

Carol Friedman, aliyekuwa mwanafunzi wa Sager, aliichukua nadharia hiyo na kuipeleka Columbia University. Huko alitengeneza mfumo wa MedLEE, ulioelezwa katika makala ya 1994 na kuanza kutumika hospitalini mwaka uliofuata kwa kusoma taarifa za eksirei za kifua. Mfumo huo haukutosheka na kutaja ugonjwa. Kila kilichotajwa kiliambatanishwa na sifa zake: kipo au hakipo, ni hakika au ni shaka, kimezidi au kimepungua, kiko sehemu gani ya mwili. Katika tathmini iliyochapishwa na Hripcsak na wenzake 1995, mfumo ulipewa taarifa 200 zilizosomwa pia na madaktari, na matokeo yake hayakutofautiana na ya madaktari kuliko madaktari wenyewe walivyotofautiana.

Umuhimu wa hilo ulionekana katika kifua kikuu. Mgonjwa ambaye taarifa yake ya eksirei inaashiria ugonjwa huo anapaswa kutengwa, lakini taarifa inaweza kufika kwenye faili na mgonjwa akabaki katika wodi ya pamoja kwa kuwa hakuna aliyeisoma kwa wakati. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Columbia walitumia MedLEE kuwatambua wagonjwa wa aina hiyo ili watengwe. Uchambuzi wa sentensi ulikuwa umefikia mahali ambapo kosa lake hupimwa kwa watu waliovuta hewa moja na mgonjwa.

4.0 Ukanushi kama Tatizo la Kihistoria

Wakati Friedman akijenga mfumo wa sarufi kamili, njia nyingine nyepesi ilikuwa ikipata nguvu. Mwaka 1986 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianzisha mradi wa kuunganisha istilahi za tiba, UMLS, ulioyakusanya majina ya dhana za kitabibu kutoka katika orodha nyingi na kuyapa utambulisho mmoja. Baada ya hapo mtafiti aliweza kuchukua matini na kutafuta tu ni majina gani ya orodha hiyo yanayotokea ndani yake. Palipo na neno la homa, mtambo huandika homa.

Njia hiyo ina dosari ambayo msomaji yeyote ataiona. Tabibu makini huandika pia yale ambayo hakuyakuta: hakuna homa, hakuna uvimbe, mapafu hayana maji. Kutokuwapo kwa dalili ni taarifa yenye uzito kama kuwapo kwake. Mtambo unaotafuta majina pekee huigeuza taarifa hiyo kuwa kinyume chake.

Mwaka 2001 Wendy Chapman na wenzake wa University of Pittsburgh walichapisha kanuni waliyoiita NegEx. Ilikuwa sahili mno: tafuta kirai cha ukanushi, kisha tazama kama jina la ugonjwa au dalili liko ndani ya maneno matano kutoka hapo, kama lipo, lihesabu kuwa limekanushwa. Kwa kanuni hiyo, uwiano wa matokeo sahihi miongoni mwa yale yaliyotajwa na mtambo kuwa yamekanushwa ulifikia asilimia 84.5, ukilinganishwa na asilimia 68.4 za kanuni sahili zaidi waliyoitumia kama kipimo. Kwa upande mwingine, sehemu ya makanusho yote yaliyonaswa ilishuka kutoka asilimia 88.3 hadi 77.8. Wepesi wa kanuni uliifanya ienee haraka, na baadaye orodha yake ya virai ilihamishiwa katika Kiswidi, Kifaransa na Kijerumani.

Ni muhimu kuuliza kwa nini kanuni sahili kiasi hicho ilifaulu. Jibu limo katika tipolojia. Katika Kiingereza ukanushi wa kitabibu hubebwa aghalabu na neno linalojitegemea, linalokaa mbele ya nomino na karibu nayo. Kuhesabu maneno matano ni njia ya mkato ya kusema jambo la kisintaksia ambalo katika lugha hiyo huwa kweli mara nyingi. Kwa maneno mengine, NegEx haikuiepuka isimu. Iliificha ndani ya namba. Lugha zilizoifuata kwa wepesi zilikuwa jamaa za karibu za Kiingereza au zilizofanana nacho kwa mpangilio huo.

Tatizo halikuisha na ujio wa miundo ya kisasa inayojifunza kutokana na matini nyingi. Muundo wa BERT ulipotoka 2018, matoleo yake ya kitabibu yalifuata mwaka uliofuata. Hata hivyo, tafiti za Ettinger na za Kassner na Schütze, zote za 2020, zilionyesha kwamba miundo ya aina hiyo ilipoombwa kukamilisha sentensi ilielekea kutoa jibu lilelile, sentensi iwe yakinishi au kanushi. Miongo kadhaa baada ya Sager, swali la ukanushi lilikuwa bado mezani.

5.0 Vifo vya Dar es Salaam na Pemba

Hadi hapa historia yetu imekuwa ya Marekani na ya Kiingereza. Inaingia Afrika Mashariki kwa mlango wa vifo. Katika nchi ambako watu wengi hufia nyumbani, sababu ya kifo hutafutwa kwa kuwahoji waliomuuguza marehemu. Tanzania ina historia ndefu ya mahojiano hayo: mradi wa uchunguzi wa maradhi na vifo vya watu wazima, AMMP, ulianza 1992 katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Dodoso la mahojiano huwa na maswali ya ndiyo au siyo, na pia huwa na sehemu ya maelezo huru, ambapo mfiwa huombwa asimulie kilichotokea kwa mpangilio wake mwenyewe.

Mwaka 2011 jopo la kimataifa la watafiti wa vipimo vya afya, linalofahamika kwa kifupi kama PHMRC, lilichapisha uchunguzi wa vifo 12,542 ambavyo sababu zake zilikuwa zimethibitishwa hospitalini: vya watu wazima 7,836, vya watoto 2,075, vya watoto wachanga 1,629, na watoto waliozaliwa wafu 1,002. Maeneo yalikuwa sita, yaliyoko India, Ufilipino, Meksiko na Tanzania. Ya Tanzania yalikuwa Dar es Salaam na Pemba. Lengo lilikuwa kupima njia za kukadiria sababu ya kifo bila kumtegemea daktari wa kusoma kila dodoso. Mojawapo ya njia hizo huipa kila dalili alama kwa kila sababu ya kifo, kisha hujumlisha. Maelezo huru nayo yaliingizwa: maneno yake yalipunguzwa kuwa mashina, na kila shina likahesabiwa kuwa lipo au halipo. Taarifa zinazohusu huduma alizopata marehemu, yakiwamo maneno ya simulizi, zilipojumuishwa, makadirio yaliboreka. Simulizi, basi, ilikuwa na faida.

Lakini mashina yaliyofika kwenye jedwali la hesabu ni ya Kiingereza. Dar es Salaam na Pemba ni mahali ambapo msiba husimuliwa kwa Kiswahili. Kati ya kinywa cha mfiwa na safu ya jedwali pana hatua mbili ambazo kila moja huacha kitu nyuma. Hatua ya kwanza ni tafsiri. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo na kuchapishwa 1996 zilionyesha kwamba degedege ilichukuliwa na wenyeji kuwa ugonjwa unaojitegemea, tofauti na homa ya malaria, wenye matibabu yake na waganga wake. Neno la Kiingereza la mtukutiko wa mwili hueleza kinachoonekana. Halielezi kwa nini mama alimpeleka mtoto kwa mganga kabla ya zahanati, na katika uchunguzi wa vifo hilo la pili huenda ndilo la kuokoa mtoto mwingine.

Hatua ya pili ni kutenganisha maneno. Shina likishahesabiwa kuwa lipo, haijulikani tena kama lilikanushwa. Mfiwa anayesema “hakuwa na homa kabisa” na anayesema “alikuwa na homa kali” wote huacha shina la homa. Hesabu ya maneno mengi kwa pamoja inaweza kuustahimili upotevu huo kwa kiwango fulani, kwani alama hupatikana kwa kulinganisha vifo vingi. Kwa kifo kimoja, ambacho ndicho familia inachokisimulia, hakuna wastani wa kukifidia.

6.0 Ukanushi wa Kiswahili katika Maelezo ya Ugonjwa

Tuseme sasa kwamba simulizi imeachwa katika Kiswahili, na mtafiti anataka kuichakata moja kwa moja. Je, anaweza kuchukua orodha ya virai vya NegEx na kuitafsiri? Mifano ifuatayo inaonyesha vikwazo vinne.

Kikwazo cha kwanza ni cha kimofolojia. Linganisha:

(1) a. Mtoto anakohoa.
    b. Mtoto hakohoi.

Katika (1b) hakuna neno la ukanushi la kutafutwa. Kiambishi ha- kimejitokeza mwanzoni, alama ya wakati -na- imetoweka, na irabu ya mwisho imebadilika kuwa -i. Ukanushi umetawanyika katika neno zima, na dalili yenyewe, kukohoa, ni mzizi wa neno hilohilo. Kuhesabu maneno kutoka kwenye kirai cha ukanushi hadi kwenye dalili hakuna maana pale ambapo viwili hivyo ni neno moja.

Kikwazo cha pili ni cha njeo na hali. Kiingereza kilichoizaa NegEx hutenganisha kuwapo na kutokuwapo. Kiswahili hutenganisha zaidi:

(2) a. Hakutapika.
    b. Hajatapika.

Sentensi (2a) hufunga jambo katika wakati uliopita. Sentensi (2b) huliacha wazi: mpaka tunapozungumza halijatokea, na huenda likatokea. Kwa mgonjwa aliyekunywa dawa saa moja iliyopita, tofauti hiyo ndiyo inayomfanya muuguzi aendelee kumtazama. Jedwali lenye safu mbili tu, ndiyo na siyo, haliwezi kuipokea.

Kikwazo cha tatu ni cha kisintaksia. Katika mazungumzo, jina la dalili hutangulizwa kama mada, na ukanushi huja baadaye. Aidha, ukanushi mmoja huweza kuendelezwa na kiunganishi:

(3) a. Homa hana, kikohozi anacho.
    b. Hana homa wala haharishi.
    c. Homa, kikohozi, kuharisha, vyote hana.

Katika (3a), dirisha la maneno matano linalofunguka pande zote mbili za “hana” hulimeza neno “kikohozi”, ambalo msemaji amelithibitisha kwa “anacho”. Katika (3c) dalili tatu hukanushwa na neno linalokuja mwisho kabisa. Mlongo huo hausomeki bila kujua upatanisho wa kisarufi.

Kikwazo cha nne ndicho kizito zaidi, nacho ni cha kisemantiki:

(4) a. Homa haikushuka.
    b. Mtoto hanyonyi.
    c. Mgonjwa hajitambui.
    d. Hapati choo siku ya tatu.

Katika (4a) kitenzi ni kanushi, lakini homa ipo. Kilichokanushwa ni kushuka kwake. Katika (4b) hadi (4d) ukanushi wenyewe ndio dalili. Mtoto mchanga asiyenyonya yuko hatarini. Asiyejitambua amepoteza fahamu. Hapa lugha yetu huitaja hatari kwa kutaja kile ambacho mwili ulipaswa kufanya na haufanyi. Mtambo uliofundishwa kwamba ukanushi humaanisha kutokuwapo kwa tatizo utaziweka sentensi hizi tatu upande wa walio salama. Hilo ni kosa kinyume na lile lililoisumbua Pittsburgh: kule mtambo ulimwona mgonjwa pasipo ugonjwa, huku utauona uzima penye mgonjwa mahututi.

Ukanushi hausimami peke yake. Neno “homa” huwa dalili katika “ana homa”, na huwa sehemu ya jina la ugonjwa katika “homa ya manjano”, “homa ya matumbo” na “homa ya ini”. Neno “sukari” katika “ana sukari” ni kisukari, na “presha” huweza kuwa ya kupanda au ya kushuka. Yote haya ni mambo ya lugha tanzu kwa maana ya Harris: maana ya neno huamuliwa na makundi yanayoruhusiwa kukaa nalo. Yanaweza kuorodheshwa, kwa sharti kwamba yupo wa kuyaorodhesha.

7.0 Nyenzo Zilizopo na Pengo Lililobaki

Isingekuwa haki kusema kwamba Kiswahili kinaanza mikono mitupu. Mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kutengeneza mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, SWATWOL, akitumia mkabala wa ngazi mbili uliotolewa na Kimmo Koskenniemi 1983, na mwaka 1992 akachapisha maelezo yake. Mfumo wa aina hiyo huweza kulipokea neno kama “hakohoi” na kutoa viambishi vyake, ukiwamo ukanushi. Kikwazo cha kwanza kati ya vile vinne, basi, kilikwisha kupatiwa ufumbuzi wa kimsingi takriban miaka kumi kabla ya NegEx. Watafiti wa Helsinki walikusanya pia kopasi ya Kiswahili, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa na maneno milioni 12.5 na la pili takriban milioni 25. Katika miaka ya karibuni, jumuiya ya Masakhane imetoa matini zilizowekewa alama kwa lugha za Kiafrika. Ile ya majina mahususi, iliyotoka 2021, ilihusisha lugha kumi, Kiswahili kikiwamo.

Pengo liko katika aina ya lugha iliyokusanywa. Kopasi hizo zimetokana zaidi na magazeti na vitabu. Alama zilizowekwa ni za watu, asasi, mahali na tarehe. Lugha ya mama anayeeleza ugonjwa wa mtoto wake haimo. Haimo pia, kwa sehemu kubwa, katika faili la hospitali, kwa kuwa tabibu wa Tanzania au Kenya humsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Tafsiri hufanyika kwenye ncha ya kalamu na haiachi alama. Ndiyo sababu maelezo huru ya mahojiano ya vifo yana thamani ya pekee kwa mwanaisimu.

Kuyakusanya kuna sharti lake. Kanuni za faragha zilizotokana na sheria ya Marekani ya 1996 huorodhesha aina 18 za vitambulisho vinavyopaswa kuondolewa, kama vile jina, namba ya simu na tarehe. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data 2019, na Tanzania ikatunga yake ya taarifa binafsi 2022. Utekelezaji wake katika simulizi ya Kiswahili unahitaji pia ujuzi wa jinsi tunavyoitana. Mfiwa husema “Mama Asha”, “shemeji wa kule bondeni”, “yule fundi cherehani wa karibu na msikiti”. Hakuna jina kamili hata moja hapo, na mtaa mzima unamjua anayetajwa. Mtambo unaofuta majina ya orodha utaziacha tungo hizo kama zilivyo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mambo mawili yasiyopingana. Kwanza, umbo la taarifa za kitabibu huvuka mipaka ya lugha: mgonjwa, dalili, kiungo cha mwili, muda na kiwango cha hakika ni safu zinazohitajika New York na Pemba vilevile. Hakuna haja ya kuzibuni upya. Pili, sentensi huzifikia safu hizo kwa njia ya lugha yake. Sager aliijenga njia ya Kiingereza kwa kusoma taarifa za hospitali moja baada ya nyingine na kuandika kanuni za mkato wake. Walioirahisisha baadaye waliweza kufanya hivyo kwa sababu tabia ya ukanushi wa Kiingereza iliwaruhusu.

Kwa Kiswahili, kazi ya aina ya Sager ndiyo inayohitajika kwanza: maelezo ya lugha tanzu ya ugonjwa, yatakayoyapanga makundi ya nomino na vitenzi vyake, yatakayotofautisha vitenzi ambavyo ukanushi wake ni nafuu na vile ambavyo ukanushi wake ni hatari, na yatakayozingatia lahaja, kwa kuwa mfiwa wa Pemba hasemi kama wa Morogoro. Kazi hiyo inafaa tasnifu za uzamili na uzamivu katika idara zetu, na haihitaji mitambo ya gharama ili ianze. Jedwali linaweza kupanuliwa pia: safu ya “hajatapika”, ambayo Kiingereza hakikuidai, inaweza kuwa na manufaa hata kwa lugha nyingine.

Miundo mikubwa ya lugha inaendelea kuja, nayo itasoma Kiswahili ikipewa au isipopewa maelezo hayo. Ikiyakosa, itajifunza ukanushi wetu kutoka katika magazeti, ambako ni nadra mtu kuandika kwamba mtoto hanyonyi.